Aonje Yeye Kwanza

Jirani yangu hapa Kauma, Lilongwe, ameloweka mihogo. Ndoo yake iko upande wa pili wa ukuta, lakini harufu haijui ukuta. Tangu juzi imeingia sebuleni, imekaa kwenye mapazia, na leo asubuhi nimeikuta mpaka kwenye mto. Wapita njia wanaziba pua. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, nikaivuta yote, na kabla sijajua ninawaza nini nilikuwa tena mtoto mwembamba mwenye magoti ya vumbi, nimekaa kizingitini kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi, nangoja kuona kama mdogo wangu atakufa.

Harufu hiyo iliingia kwetu pamoja na Masenge. Kwa Kirundi masenge ni shangazi, dada wa baba, na huyu alikuwa dada mkubwa wa Papa. Alitoka kwao Ruyigi, akapitia Tanzania, akatufikia na furushi moja na mguu uliovimba. Hakuna aliyeniambia kwamba anakuja. Watoto hawaambiwi, wanakuta. Nilirudi kutoka shule nikakuta ameshatoa sufuria za Mama nje, anazisugua kwa majivu, na Elie, mdogo wangu, yuko mgongoni kwake, amefungwa kwa kitenge cha Mama chenye majani ya njano. Mama alikuwa amefariki kabla ya mvua, na tangu hapo mgongo wa kumbeba Elie ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka minane. Nilijiona mtu mzima aliyenyang'anywa kazi yake bila hata kuitwa.

"Mwana wanje," Masenge akasema, mwanangu, akanikumbatia kwa ile salamu ndefu ya Warundi ya kukupapasa mabega na mikono, kana kwamba anahakikisha hakuna kiungo ulichokisahau njiani. Alinuka mihogo na moshi. Nilisimama kama gogo mpaka aliponiachia.

Ili mnielewe lazima niwaambie habari za Mama. Alikuwa mtu wa Bukavu, mtoto wa mtaa wa Kadutu, fundi wa cherehani mwenye maneno mengi kuliko uzi. Papa ni Mrundi wa kijijini, mtu wa kusema neno moja pale wengine wanaposema kumi. Walikutana pale pale kambini, kwenye kwaya, na nyumbani tulisema Kiswahili cha Mama. Kirundi cha Papa kilibaki cha kwenye simu. Basi tulilelewa kama watoto wa Bukavu. Na mtu wa Bukavu, ninyi mliokulia kule mnajua, hali kutoka mkono ambao haujaonja. Ukimtembelea, akikuletea maji anapiga funda kwanza ndipo anakupa. Akikupakulia maharage anaweka kidogo kiganjani, analamba mbele ya macho yako. Wageni huiona ni adabu nzuri tu. Sisi tulijua ni kwa sababu ya karuho, ile sumu ya taratibu inayoogopwa kwetu kuliko nyoka, ambayo wanasema hufichwa chini ya ukucha wa mtu anayekuchekea.

"We Aline," Mama alikuwa akiniambia, mguu wake ukiendelea kukanyaga mashine, "mutu akikupa kitu ya kukula, usiangalie uso yake. Angalia mukono. Mukono ikienda ku kinywa yake kwanza, kula. Isipoenda, sema tumbo inakuuma."

"Na kama ni mutu tunamujua?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijibu, akakata uzi kwa meno.

Kulikuwa na somo la pili, na hilo ndilo lililoniponza. Karuho haitajwi. Ukimshuku mtu, nyamaza, maana akijua kwamba umemjua, ataiongeza. Unaweza kumkwepa, unaweza kumwomba Mungu, lakini mdomo wako uwe umeshonwa. Mama alilisema hili mara nyingi, na kila mara alishusha sauti, ingawa nyumbani tulikuwa sisi wawili na cherehani.

Mama aliumwa tumbo. Hospitalini walisema ni ini, wakataja na jina la ugonjwa wenyewe, jina refu ambalo Papa hakuweza kulirudia. Lakini kilioni, nikiwa nimelaza kichwa kwenye mapaja ya mama mmoja wa kanisa, wote wakidhani nimesinzia, niliwasikia wale wanawake wa Bukavu wakinong'onezana juu ya mkeka. "Balimupa," mmoja akasema. Walimpa. Mwenzake akaguna. Hakuna aliyesema ni nani aliyempa. Miezi ile yote nilitembea na neno hilo, nikiwatazama watu sokoni na kwenye foleni ya bomba, nikijiuliza ni yupi kati yao.

Ndipo akaja mwanamke nisiyemjua, akashika sufuria.

Siku ile ya kwanza alipika ugali wa mihogo na mboga ya lengalenga. Ugali ulikuwa mweusi-mweusi, unavutika, si mweupe kama nsima ya mahindi tuliyozoea. Alipakua kwenye sahani yetu, akatuwekea chini, akachuchumaa kidogo kutazama kama tumekaa vizuri. Nilimwangalia mkono. Mkono ulikwenda kwenye pazia la mlango, ukalivuta.

"Kula," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kula, mwana wanje. Mi nakula nyuma."

Akatoka. Hakuonja. Hakulamba kijiko, hakugusa hata ukingo wa sahani. Nikabaki na Elie na ule ugali unaotoa mvuke, na tumbo langu lilikuwa na njaa ya kweli, njaa ya mtoto aliyetembea kutoka shule juani. Nilijaribu dawa ya Mama. Nikasema kwa sauti, "Tumbo inaniuma." Lakini Elie hakuwa na umri wa kuumwa tumbo kwa hila. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, mate yanamtoka, mkono wake umeshaingia kwenye mboga mpaka kiwiko.

Nikaukamata ule mkono. Nikawaza kwa bidii kuliko nilivyowahi kuwaza shuleni, na nikaona njia moja tu. Kama anayepika haonji, lazima mwingine aonje, na mwingine ndani ya nyumba ile alikuwa mimi. Nikamega, nikatafuna, nikameza. Nikakaa nikitazama kucha zangu, kwa kuwa niliwahi kusikia kwamba kucha ndizo zinazobadilika kwanza, kisha koo linakauka, kisha unakohoa kikohozi kisicho na mafua. Elie alilia akigonga sahani. Kucha zilibaki kama zilivyokuwa, chafu. Nikamruhusu ale.

Hivyo ndivyo tulivyokula tangu siku hiyo. Kila chakula nilikufa kidogo kwanza. Siwaambii ili mnisifu, niliogopa kila mara. Siku za maharage nilikula tonge kubwa ili liniue haraka kama ni la kuua, na siku za dagaa nilitafuta wale wadogo. Shuleni nilikaa natazama vidole. Mwalimu alidhani najifunza kuhesabu kwa kucha, akanipiga rula.

Masenge naye alikuwa na macho. Alichoona yeye ni msichana mkubwa anayemshika mdogo wake mkono, anakula kwanza, anakula tonge nene, na mtoto analia. Akadhani nina ulafi. Mtu mwingine angenichapa. Yeye aliniongezea. Sahani yangu ikatengwa, ikajazwa mpaka ikawa mlima, na kila nilipoinua macho alikuwa akinionyesha kwa kidevu nile, nile. Mimi nikasoma kwa akili zangu: ameona sijafa, anazidisha kipimo.

Halafu nikampeleleza. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, na ukuta wake ulikuwa na tundu. Nikaweka jicho. Masenge alikuwa amekaa chini, mgongo kwa mlango, uso kwa ukuta, kitenge amejifunika mpaka kichwani, na mbele yake kuna sufuria ndogo ambayo sikuwahi kuiona ikiletwa kwetu. Alikuwa anakula kutoka humo. Alikula upesi, kama mwizi, na kuku alipogonga kopo huko nje, Masenge aliruka, akafuta mdomo, akaificha ile sufuria chini ya kikapu. Kumbe zilikuwa sufuria mbili, yetu na yake.

Papa alikuwa akinyoa watu kwenye saluni huko Area 18, mjini Lilongwe, akija kwetu Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Jumamosi moja nilimsindikiza bafuni na ndoo ya maji ili tuwe peke yetu. Mdomo ulikuwa umeshonwa, kama Mama alivyotaka, kwa hiyo nilisema kile tu nilichoweza kusema.

"Papa, simutaki ule mama. Arudie kwabo."

Papa alipokea ndoo. Alikuwa amechoka, shingo yake imejaa vinywele vya watu wengine. "Ni yeye njo alinikomalisha," akasema. "Mama yetu alikufa ningali mudogo kama Elie. Utamuzoea."

"Na kama sitamuzoea?"

"Utamuzoea," akarudia, akaingia kuoga.

Nilibaki nje nikisikiliza maji yakimwagika. Nilitaka aulize kwa nini. Neno moja tu la kuuliza, na huenda ningepasuka nikasema yote. Lakini Papa hakuwa mtu wa kuuliza, na mimi nilikuwa mtoto wa Mama.

Kisha Masenge akafanya jambo lililonimaliza. Alipoona kuniongezea hakusaidii, kwamba bado namshika Elie mkono na kula kwanza, alianza kumlisha mwenyewe. Wakati wa chakula alimbeba, akaingia naye chumbani, akavuta pazia, na mimi nikaachwa kizingitini na mlima wangu wa ugali. Nilisikia kijiko kikigonga sahani ya bati. Nilisikia Elie akicheka. Nilisikia Masenge akimwimbia kwa Kirundi, sauti ya chini kama ya mtu anayeongea na mbuzi wake. Mara moja nilijaribu kuingia, akanirudisha kwa mkono, taratibu, bila hasira, na akanionyesha sahani yangu ilipo.

Ilikuwa ni nyuma ya pazia hilo nilipomsikia Elie, kwa mara ya kwanza, akisema "Mama." Hakuwahi kumwita Mama mwenyewe, kwa kuwa Mama alipokufa, Elie alikuwa bado anasema "ba" na "ta" tu. Neno lake la kwanza lenye maana alimpa mtu aliyekuwa anamuua. Niliweka kichwa juu ya magoti. Sikulia, nilikuwa nimepita kulia.

Na kweli Elie akaugua. Alianza kwa kukataa kucheza, kisha mwili ukawa moto, kisha akawa anatapika kila kitu na macho yanageuka. Nilimtazama nikajua. Sikushangaa hata kidogo, na huko kutokushangaa ndiko kunakoniumiza hadi leo nikikumbuka. Masenge alimfunga mgongoni, akaenda naye kliniki ya kambi akichechemea kwa ule mguu wake, nami nyuma yake nimeshika pindo la kitenge. Kule walimtazama mara moja wakasema apelekwe Lilongwe, hospitali kubwa. Muuguzi akanionyesha kidole: na huyu aende, maana huyu mama hajui Kichewa.

Kichewa cha Masenge kilikuwa neno moja tu, zikomo, asante, na alilitumia kwa kila kitu. Ndani ya gari la wagonjwa alimwambia dereva zikomo kila tulipopigwa na shimo. Tulipopita Lumbadzi niliona kabaza, baiskeli za kubeba abiria, zimepangwa kando ya barabara, vijana wamekaa juu yake wakila miwa, na nilishangaa kwamba watu wanaweza kukaa hivyo, wanakula, hawaogopi.

Hospitalini muuguzi mwenye miwani alimgeuza Elie, akamsikiliza kifua, akauliza kwa Kichewa mama yake yuko wapi. Masenge akainamisha kichwa. "Zikomo," akajibu.

"Anamwalira," nikasema mimi. Amefariki.

"Na amekula nini?"

Sasa ndipo nilipofikiri nitasema. Sikuwa na sababu ya kunyamaza. Masenge hakuelewa lugha ile, hata kama ningelitaja jina la sumu mara mia. Nikafungua mdomo. Lakini Kichewa changu kilikuwa cha uwanjani na cha hesabu za shule, hakikuwa na jina la karuho. "Nsima," nikasema. "Nsima ya mihogo." Muuguzi akaandika, akamtoboa Elie kidole, na baada ya muda akarudi akisema ni malungo, malaria, imekula damu yote, ndiyo maana yuko hivi. Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Wanawake wa kwetu walishasema zamani kwamba hospitali haioni karuho.

Walimwekea maji ya mshipa, wakamwongezea damu. Homa ikashuka, macho yakarudi mahali pake, lakini Elie hakutaka kitu mdomoni. Muuguzi akawa mkali. Mtoto ale uji, akasema, hata vijiko vichache, dawa inayofuata haiwezi kuingia kwenye tumbo tupu, na asipoanza kula hatutajua la kufanya naye. Nikamtafsiria Masenge kwa Kiswahili na kwa mikono. Akaelewa mara moja. Akaenda kule nyuma ambako watu wanaouguza wagonjwa wao hupikia, akakoroga uji wa unga wa mahindi kwenye sufuria ya kuazima, akarudi nao ndani ya kikombe, umefunikwa kwa sahani.

Papa alikuwa ameshafika kutoka Area 18, bado na koti lake la kinyozi. Ilikuwa saa ya mchana, saa ya wageni kuona wagonjwa, na wodi ilijaa kama soko. Kila kitanda kilikuwa na ukoo wake umekizunguka, wamekaa chini kwenye vitenge, wanamega nsima, wanachovya, wanaongea na midomo imejaa. Masenge alipita katikati yao ameangalia sakafu. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akafunua kikombe, akajaza kijiko, akakipeleka kwa Elie.

Nikanyoosha mkono nikishike, nionje mimi kwanza. Masenge akakivuta upande. "Hapana, mwana wanje," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia uchungu kwenye sauti yake. "Hii ya Elie."

Hakutaka nionje. Kwa hesabu zangu hakukuwa na ushahidi mwingine uliobaki. Nikapanda kitandani na viatu, nikamfunika Elie mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Aline," Papa akasema. "Toa mukono."

Sikutoa.

"Aline! Mutoto anakufa na njaa! Toa mukono, ninakuambia!" Alinishika viwiko akavuta, mimi nikang'ang'ania, Elie akaanza kulia chini ya vidole vyangu kwa sauti ndogo isiyo na nguvu. Watu wa kitanda cha jirani wakaacha kutafuna. Nilimwona muuguzi mwenye miwani akija kutoka mwisho wa wodi, na nikajua kwamba watakaponitoa pale kwa nguvu, na watanitoa, hakuna mtu mwingine atakayesimama kati ya kijiko kile na mdomo wa mdogo wangu.

"Aonje yeye kwanza!" nikapiga kelele. "Tangu alikuja hajaonja! Hata siku moja! Iko na sufuria yake! Aonje yeye kwanza!"

Papa akaniachia. Alikuwa ameoa mtu wa Bukavu. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alikaa chini polepole kwenye kitanda, akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama dada yake. Kisha akaanza kusema naye kwa Kirundi, chini-chini, akitafuta maneno. Nililitambua moja tu, uburozi, sumu, kwa sababu lilipotoka Masenge aliweka mkono kifuani na kuuacha hapo.

"Sikia," Papa akanigeukia. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. "Kwetu kule, mutu mukubwa hakule mbele ya batu. Mwanamuke njo kabisa. Ni haya, kama kuvua nguo. Bwana yake alikufa hajawahi muona akitafuna. Mi ndugu yake, alinilea, sijawahi muona. Ile sufuria ni mabaki ya jana, anakula ile ili nyinyi mupate ya moto. Hata mimi, ni mama yako njo alinifundisha kukula na batu, na mwaka muzima nilikuwa ninakula naangalia chini. Anakula kwa kujificha, Aline. Haiko kitu ingine."

Nilimsikia. Naapa nilimsikia, na sehemu fulani yangu ilimwamini palepale. Lakini Mama alikuwa ameniambia niangalie mkono, hakusema nisikilize maneno, na viganja vyangu vilibaki mdomoni kwa Elie kana kwamba ni vya mtu mwingine. Nilitaka kuvitoa. Havikutoka.

Masenge alinitazama. Kisha akaitazama wodi: wanaume na wanawake wasiojulikana, watoto, mzee wa kitanda cha jirani mwenye tonge mkononi, muuguzi aliyesimama, na ndugu yake mwenyewe aliyemlea. Papa akainuka. Akageuka, akasimama uso kwa ukuta, karibu kabisa, kama mtu anayesoma kitu kidogo kilichoandikwa pale.

Masenge akajifunika kitenge mpaka puani, akaingiza kijiko chini yake. Niliona kitambaa kikitikisika.

"Sijaona," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na sikuwa na ubaya wowote moyoni. Kweli sikuwa nimeona.

Akakaa kidogo na macho yamefumbwa. Akashusha kitenge. Akakishusha mpaka mabegani, akajaza kijiko upya, akakiinua mbele ya wodi nzima, akafungua kinywa na kula. Uji hautafunwi, lakini yeye alitafuna, polepole, taya likienda juu na chini, ili mtoto aone. Machozi yalikuwa yanamshuka moja kwa moja mpaka kidevuni. Akameza. Kisha akafungua kinywa tena akanionyesha ndani, ulimi na mapengo na yote, kwamba hakuna kilichobaki.

Viganja vyangu vikatoka. Akamlisha Elie kijiko, na Elie akameza, akafungua kinywa kuomba kingine.

Masenge akajaza kijiko cha pili, akakipeleka mdomoni kwake mwenyewe. Akatafuna, akameza, akanionyesha. Ndipo akampa Elie. Na cha tatu hivyo hivyo. Hakuna aliyemwomba, kwetu ukionja mara moja imetosha, lakini yeye hakujua desturi yetu, alijua tu kwamba lazima nione. Mtu mmoja kitanda cha mbele akacheka, mwenzake akamnyamazisha.

"Inatosha," nikamwambia. "Masenge, inatosha. Nimeona."

Akatikisa kichwa. "Angalia," akasema, akajaza tena kijiko, akakiinua. "Angalia, mwana wanje."

Nikaangalia, maana hakukuwa na kingine nilichoweza kumfanyia.